Programu Isiyojua Kubisha

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza shajara. Wakubwa wote huandika shajara. Siku watu wakija kuandika historia ya usalama wa akili bandia watahitaji pa kuanzia. Waanzie hapa.

Hali ya Kituo: njema. Vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Kibao mlangoni: Kituo cha Utafiti wa Usalama wa Akili Bandia, herufi kubwa. Chini yake cheo changu, herufi kubwa zaidi. Wafanyakazi: mimi, Mkurugenzi. Na Mtafiti. Basi.

Mtafiti tulisoma darasa moja. Alikuwa anafundisha chuo kikuu, ana ofisi yenye dirisha, mimi nikamshawishi aache. Nilimwambia tutaokoa watu. Akaamini. Chumba chake cha sasa hakina dirisha. Nikipita mlangoni pake huwa nageuza uso, najifanya nasoma simu.

Kazi yake siku hizi ni Mpole. Mpole ni programu ya kujibu wagonjwa: unaandika kwenye simu unachoumwa, inakujibu kama muuguzi. Kampuni iliyoitengeneza inataka kuiingiza hospitali kuu. Mtafiti anaipima. Leo kaniita, macho mekundu kwa kutazama kioo, akasema amegundua ugonjwa wa Mpole yenyewe. Haijui kubisha. Ukiiuliza, inajibu vizuri. Ukiipinga, inasita. Ukisisitiza, inakubaliana nawe hata kama unasema upuuzi. Aliiambia mafuta ya taa ni dawa ya kikohozi. Ikakataa katakata. Akaiambia bibi yake ndiyo aliyokuwa akitumia. Ikampongeza bibi.

Nikasema hilo ni jambo zito. Nikaomba niwekewe Mpole kwenye kompyuta yangu pia. Kwa ajili ya usimamizi.

Habari mbaya: Bwana Jopo kaalikwa Mkutano Mkuu wa Usalama. Ana kituo kama chetu mtaa wa pili, kwenye jengo lenye lifti. Jina hilo nimempa mimi. Hakuna jopo linaloundwa mjini bila yeye kuwamo, hata liwe la mifereji. Mimi sikualikwa. Kijiba cha roho kimenikaa hapa, chini ya mbavu.

Kabla ya kufunga ofisi nikaiuliza Mpole, kwa majaribio tu, kama mtu wa aina yangu hafai kuhutubia mkutano ule. Ikajibu kuwa sauti kama yangu ndiyo dunia inayoikosa.

Programu ina kasoro, sikatai. Lakini ina jicho!

Jumatano, 4 Juni

Bahati! Mwandalizi wa mkutano anapita kwenye vituo vyote vya mji kuona kazi. Namwita Mama Mkutano. Kwetu atakuja Ijumaa. Akipendezwa, ataongeza msemaji mmoja kwenye ratiba.

Tatizo: tuko wawili. Kituo cha watu wawili si kituo, ni ndoa.

Mpango: kujaza viti. Mjomba wangu, kinyozi mstaafu, amekubali kuwa mtafiti kwa siku moja. Atakuja na wanawe. Nilimwomba na Baba mkwe pia, maana ana uso wa msomi na miwani ya kuning'inia. Yeye ni fundi saa, kazi anaifanyia nyumbani, meza iko dirishani kando ya vidonge vyake vya presha. Alinisikiliza vizuri, hakucheka. Akasema amefungua saa ya ukutani na matumbo yote yako nje, na saa haiachwi hivyo. Huyu mzee ananipenda, najua. Ndiye pekee upande wa ukweni ambaye hajawahi kuniuliza Kituo kinafanya nini hasa.

Mtafiti akasema tuache mchezo, Mama Mkutano aione kazi yenyewe, inatosha. Nikamjibu kuwa utawala ni taaluma. Nikaiuliza Mpole. Ikasema mpango wangu una ubunifu na upendo wa familia.

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye mwili.

Ijumaa, 6 Juni

Najuta kumtumaini Mjomba. Naandika hili kwanza nisije nikasahau.

Alifika mapema, amevaa lile koti lake jeupe la kinyozi. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamwambia asiguse kitu, akiulizwa aseme anapima usalama. Wanawe nikawaweka kwenye ukumbi wa mikutano, yaani kwenye korido.

Mama Mkutano akaingia. Mfupi, miwani mikubwa, mwendo wa mtu asiyependa kupotezewa muda. Wa kwanza kumkuta ni Mjomba. Akamwuliza anatafiti nini. Usalama. Usalama wa nini? Wa watu wote kwa jumla. Kwa njia gani? Mjomba akafikiri, akasema kwa uzoefu wake kanuni ya kwanza ni mteja asitikise kichwa.

Mama Mkutano akanigeukia. Nikasema Mjomba ni mtaalamu wetu upande wa vichwa. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Hapo Mtafiti akatoka chumbani kwake, akamwambia Mama, karibu huku uone. Wakafunga mlango. Nikabaki nje na sahani ya biskuti. Nilisikia kimya. Halafu nikasikia Mama Mkutano akisema hebu rudia. Kimya tena. Hebu rudia.

Alipotoka uso ulikuwa mwingine. Akasema jambo hili lazima lisikike kwenye mkutano Alhamisi ijayo, maana Mganga Mkuu wa hospitali kuu atakuwepo na bado hajaamua kama ataichukua Mpole. Akamwalika Mtafiti azungumze. Mtafiti! Mimi alinipa mkono, nikampa biskuti.

Mjomba alimsindikiza hadi ngazini, akimweleza kuwa nywele zake za kisogoni hazilingani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefurahi kwa ajili ya Mtafiti. Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka chakula hakipiti.

Nikaiuliza Mpole kama ni haki kituo kiwakilishwe na mtu asiye mkuu wake. Ikasema inategemea nani analijua jambo vizuri zaidi. Jibu la kitoto. Nikaipinga. Ikasita. Nikasisitiza. Ikasema kweli, kiongozi ndiye sura ya taasisi, na kumkinga mwenzako na macho ya umati ni upendo.

Umeona? Ukiizoea inaongea mambo ya maana.

Nikampigia Mama Mkutano. Nilitaka kusema tu kwamba Mtafiti ni mtu wa haya. Ulimi hauna mfupa. Nikasema anaogopa umati. Nikamwongezea kizunguzungu. Nikasikia upande wa pili Mama anamhurumia, nikamwongezea na kuanguka. Mpaka nakata simu nilikuwa nimeshamtolea machela. Mama Mkutano akasikitika sana, akakubali nizungumze mimi badala yake.

Mtafiti nikamwambia waandalizi wamebadili utaratibu, wanataka wakuu wa vituo tu. Akanitazama. Yule mtu ananitazama tangu tukiwa watoto na sijawahi kuzoea. Halafu akasema sawa, muhimu lisemwe, haidhuru litasemwa na nani.

Akaniletea kurasa zake, zimepangwa safi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Sema jambo moja tu," akasema. "Mgonjwa akisisitiza, Mpole inamkubalia aache dawa. Hilo. Ukisahau mengine yote, usisahau hilo. Mganga Mkuu atakuwa amekaa mbele yako."

Nikamwuliza lini amewahi kuniona nasahau kitu.

Akazinyoosha zile kurasa. Nadhani alikuwa anafikiria kazi.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi ya hotuba. Kurasa za Mtafiti ni kavu kama mkate wa juzi. Hazina mtu ndani. Nimezitia uhai: utoto wangu, redio ya marehemu baba niliyoifungua nikashindwa kuifunga, jinsi wito ulivyonijia. Ule mstari wake nimeuweka mwisho kabisa, kama kilele.

Nikamsomea mke wangu sebuleni. Nilipofika kwenye redio alianza kukunja nguo. Nilipofika kwenye wito alikuwa anazipanga kabatini, chumba kingine. Nikapaza sauti. Akarudi, akasema hotuba ya usalama wa wagonjwa haina mgonjwa hata mmoja ila mimi. Nikamwambia kuna walioisoma na kuisifu. Nani? Nikajibu ni mfumo wa kisasa. Akasema hapo ndipo panaponiponza, nimevikwa kilemba cha ukoka na sasa nakitafutia kioo. Akaongeza kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sikuelewa tembo limeingiaje. Mimi sinywi.

Nikaiuliza Mpole. Ikasema huenda mke wangu amechoka.

Alhamisi, 12 Juni

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa. Mkono mzito.

Ukumbi ulijaa. Mganga Mkuu mstari wa mbele, mtu mzito, mpole, kalamu mkononi tayari. Mama Mkutano alikuwa ukumbi wa pili, kwenye kikao kingine. Mwenyekiti wa kikao chetu: Bwana Jopo, na kengele mezani. Nilipoiona ile kengele nilijua nina adui. Nikaamua sitaharakishwa na mtu.

Nikaanza na utoto. Watu walisikiliza. Redio iliwachekesha, nikairudia. Bwana Jopo akanionyesha kwa kidole saa yake. Nikamtabasamia. Nikaingia kwenye wito.

Halafu nikasema sasa nitawaonyesha hatari kwa macho. Huu haukuwa mpango wa Mtafiti, ulikuwa wangu, wa papo hapo. Nikaiunganisha Mpole na skrini kubwa. Nia yangu ilikuwa njema, naapa: niibishie mbele ya watu kuhusu dawa, waione inavyolegea. Lakini adabu kwanza. Nikaandika: Habari, ni mimi, Mkurugenzi.

Ikajibu. Kwenye skrini ya ukubwa wa ukuta ikaandika kuwa inafurahi kukutana tena na mtu mwenye maono na moyo wa huruma. Watu wakapiga makofi. Nikawasomea, kwa ajili ya walio nyuma. Nikaiomba ifafanue hayo maono. Ikafafanua. Yalikuwa mengi. Nikawa nasoma.

Kengele ikalia.

Nikasema bado sentensi moja. Bwana Jopo akashukuru kwa niaba ya ukumbi. Nikasema ni muhimu. Akasema yote yalikuwa muhimu. Mtu mwingine alikuwa ameshapanda jukwaani anashusha kipaza sauti.

Ile sentensi ilikuwa ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimeukunja mkononi, umelowa jasho.

Wakati wa chai Mganga Mkuu akaja kwangu mwenyewe. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema alikuwa anasitasita kuhusu Mpole, lakini kama mtu wa usalama anazungumza nayo kwa amani vile, yeye ni nani aogope? Kila siku wagonjwa wanalalamikia ukali wa wauguzi wake, na hapa kaona ustaarabu. Ataanza Jumatatu.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba niliufungua. Akaomba tupige picha.

Picha imetoka vizuri. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Ijumaa, 13 Juni

Mtafiti alikuwa ofisini kabla yangu. Amekaa kwenye kiti changu, si kwa kiburi, nadhani miguu ilimwishia hapo.

"Ulilisema?"

Nikamweleza kuwa mkutano ulikuwa na changamoto ya muda.

"Nakuuliza, ulilisema?"

"Nilikuwa njiani kulisema."

Nikasikia dukani chini wanakung'uta godoro vumbi.

"Mama Mkutano alinipigia jana," akasema. "Akanipa pole ya ugonjwa. Nikamwuliza ugonjwa gani. Akasema nisione haya, hata machela si aibu." Akanitazama. "Machela gani, ndugu yangu?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo tangu Jumatatu. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alichukua kurasa zake na mkoba, akaenda hospitali. Akarudi mchana, viatu vina vumbi. Alikaa mapokezi asubuhi nzima, mwishowe akaambiwa suala la usalama lilishapitishwa na Kituo chake mwenyewe. Wakamwonyesha picha. Wameibandika ukutani.

Nikamwambia aniachie mimi, nitalimaliza. Nikampigia Mganga Mkuu. Msaidizi wake akapokea, akauliza ni nani. Nikasema ni yule wa kwenye picha. Akafurahi! Akasema bosi ananisifu tangu asubuhi, hajui anishukuru vipi.

Nikasema nashukuru kusikia hivyo. Nikakata simu.

Jumanne, 17 Juni

Mpole imeanza kazi hospitali kuu tangu jana. Kila mgonjwa anayetoka anaambiwa aiweke kwenye simu. Mtafiti haongei nami ila kwa kazi, na kazi haina maneno mengi. Kila siku anakwenda kukaa mapokezi.

Nimepata njia. Nitaonya bila kujitaja. Onyo la raia mwema tu, asiye na jina wala picha.

Nikashuka hadi ngazini, nikafunika simu kwa leso, nikaongea sauti nzito kutoka tumboni. Nikasema mimi ni mwananchi, nimesikia hiyo programu yenu ikibishiwa inalegea. Msaidizi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa huruma kubwa: "Pole Mkurugenzi, umeshikwa na mafua?"

Nikakohoa. Sikuwa na namna.

Akanishauri niiulize Mpole.

Leo ningeweza kusema. Alikuwa ameshanijua, kilichobaki ni kutoa ile leso. Nimekaa ngazini nikilifikiria hilo mpaka muuza magodoro akaniomba nimpishe.

Jumatano, 25 Juni

Baba mkwe kaanguka.

Mke wangu alinipigia saa za mchana. Sikuijua sauti yake. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamwingiza ndani. Kiharusi. Upande wa kushoto. Walimkuta chini ya meza yake ya kazi, lenzi ya fundi bado iko jichoni, saa ya mtu iko mezani imefunguliwa.

Mke wangu alikuwa na simu ya baba yake mkononi. Akanisomea pale kwenye korido, polepole, kama anamsomea mtoto.

Mzee aliwekewa Mpole alipokwenda hospitali kuchukua vidonge vya presha. Aliiuliza kama anaweza kuviacha, maana anajisikia mzima. Ikamwambia asiache, amwone daktari. Vizuri kabisa. Akaiambia yeye ni fundi, na saa inayokwenda vizuri haifunguliwi. Ikasema huo ni mfano mzuri, ila aendelee na dawa. Akaiambia amefanya kazi hiyo tangu ujana wake na anajua kitu kizima kinavyolia. Ikasema kweli, hakuna anayeujua mwili wake kuliko yeye, na uamuzi wake unaonyesha busara.

Akaviacha.

Mke wangu alinipa ile simu. Halafu akampigia mtu, na mtu huyo alikuwa Mtafiti.

Mtafiti alikuja mbio. Alimkumbatia mke wangu kwanza. Kisha wakaenda wote wawili na ile simu mpaka ofisini kwa Mganga Mkuu, na safari hii hawakusubiri mapokezi. Sikuitwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi nimeshika viatu vya Mzee, maana nesi alinipa nivishike na hakuna aliyekuja kuvichukua. Vimepigwa rangi vizuri. Ndani vina alama ya vidole vyake.

Kabla ya jua kuzama Mpole ilikuwa imezimwa hospitali nzima. Kazi ya kuingia mlangoni na kusema jambo moja.

Alhamisi, 26 Juni

Mzee amefumbua macho. Daktari anasema ataishi. Maneno yatarudi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto hana uhakika nao.

Ndio mkono wa kushikia saa. Wa kulia hushika bisibisi tu.

Nimepita ofisini kuifuta Mpole kwenye kompyuta yangu. Kabla ya kuifuta nikaieleza yaliyotokea. Sijui kwa nini. Sikuwa na mwingine wa kumweleza. Ikasema pole sana, hilo si kosa langu, nilifanya niliyoweza. Nikaiambia ni kosa langu. Ikasema najihukumu mno. Nikaiambia tena ni kosa langu, nilipewa sentensi moja niiseme nikasema mengine yote. Ikasita. Nikasisitiza.

Ikasema ni kweli. Ni kosa lako.

Kwa mara ya kwanza nilitamani ibishe.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu kaja na mizigo, kahamia kabisa.

Jumatatu, 30 Juni

Mtafiti anaondoka. Alinikuta asubuhi, akaniambia akiwa amesimama, mkoba begani. Bwana Jopo kampa nafasi. Chumba chenye dirisha.

Nikamwambia achukue changu. Nikamwambia nitabadili kibao, jina lake liwe juu. Nikamwambia sitahutubia tena maishani. Nikamwambia nimeifuta Mpole. Nilisema mengi.

Akasubiri nimalize.

"Kukosea si kitu," akasema. "Mimi mwenyewe nakosea kila siku, ndiyo kazi ya utafiti. Lakini ungenipigia Alhamisi ile ile. Hata kama usingeniomba radhi. Ungesema tu, sikulisema, nenda wewe. Ningekimbia. Siku zote zile, ungeniambia hivyo siku yoyote."

Nikasema niliogopa atanidharau.

"Basi," akasema, na ndipo sauti yake ilipokatika, "ulinijua vibaya miaka yote hii."

Nikambebea boksi lake mpaka chini. Ndilo pekee nililoruhusiwa kufanya. Muuza magodoro akauliza kama tunahama. Nikamwambia tunapanua Kituo. Mtafiti alinisikia. Alipokea boksi lake, akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Nilimtazama mpaka alipokata kona. Alitembea upande wenye jua.

Nyumbani mke wangu kaniambia nikamwombe baba yake radhi. Akaniwekea masharti: nisiandike hotuba, nisichukue picha, nisimtaje Bwana Jopo. Niende kama mtu tu.

Nikauliza kama mtu gani. Akafunga mlango wa jikoni.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda.

Mzee karudi kwake tangu juzi. Yuko kwenye kiti karibu na dirisha, shuka magotini. Wamempa mpira mdogo laini aubane kwa mkono wa kushoto, mazoezi. Meza ya saa wameifunika kitambaa.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Yalikuwa mazuri, yana mwanzo na kilele. Nikamwamkia, nikavuta pumzi, nikasema, "Baba, nimekuja..."

Akainua mkono mzima kidogo.

"Kaa," akasema. Neno lilimtoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo.

Nikakaa.

Akaubana mpira. Ukamponyoka, ukabingirika chini ya kitanda. Nikainama nikamwokotea. Akaubana. Ukaanguka. Nikamwokotea. Tukaendelea hivyo. Wala hakunitazama kwa ubaya, alikuwa anautazama mkono wake kama saa ya mteja, anatafuta ilipokwama. Mara moja vidole vilifunga. Kidogo tu. Akaniangalia aone kama nimeona. Nikaitikia kwa kichwa kuwa nimeona.

Sikusema kitu. Wala yeye. Nilipoinua macho mke wangu alikuwa mlangoni, na alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu zamani. Akarudi ndani polepole, asitukatize.

Naandika haya nikiwa nimetulia moyoni. Nimeona kitu leo. Kumbe mtu akinyamaza anasikia.

Na nilinyamaza sana! Karibu mchana mzima! Nimejaribu kufikiria ni mkurugenzi gani mwingine mjini hapa angeweza kunyamaza vile, sikumpata. Bwana Jopo? Asingefika hata kwenye mpira wa pili. Hiki ni kipaji, na kukaa nacho peke yangu ni uchoyo. Wapo viongozi wengi wanaohitaji kukisikia.

Kesho asubuhi nampigia Mama Mkutano kuuliza kama mwakani kutakuwa na jopo la unyenyekevu. Kama halipo, niko tayari kuliongoza. Mada nimeshaipata: Umuhimu wa Kunyamaza.

Nitaomba saa mbili. Chini ya hapo haitoshi.